Behewa Lenye Milango Miwili

Behewa tulilopewa lilikuwa na urefu wa hatua kumi na moja na upana wa hatua tatu na nusu. Nililipima mwenyewe, kwa miguu mitupu, siku niliyoshuka Kilosa nikiwa na sanduku moja la mbao, godoro moja na mtoto mgongoni. Lilikuwa behewa la mizigo lililostaafu: sakafu ya mbao, kuta za mbao, paa la bati, na mlango wa kusukuma kila upande. Kabla yetu lilibeba katani, na kabla ya katani lilibeba ng'ombe. Harufu hizo mbili zilikuwa bado zinagombania urithi.

"Ni hapa?" nilimwuliza mume wangu.

"Ni hapa," Lupakisyo alijibu. Yeye alikuwa mtu wa genge la njia, wale wanaobadilisha mataruma yanayolaliwa na reli na kushindilia kokoto. "Sote sita tunaishi hivi. Genge likihama, nyumba nayo inahama."

Sikulalamika. Nilikuwa nimetoka kukaa miaka miwili Tukuyu, nyumbani kwa wakwe zangu, nikiwa mke wa bahasha. Mume alikuwa relini, mimi nilikuwa migombani, na kati yetu kulikuwa na barua moja kwa mwezi na likizo moja kwa mwaka. Barua hizo alizisoma baba mkwe kwa sauti, mbele ya mawifi zangu wote, na kila alipofika kwenye neno ambalo mume humwambia mkewe peke yake, alikohoa akaruka mstari. Nilipopanda basi la kuja Kilosa niliapa kwamba sitasomewa tena ndoa yangu kwa mapande.

Lakini idhini ya familia kukaa behewani ilikuwa mkononi mwa Mkaguzi wa Njia. Akisema ndiyo, mnakaa. Akisema hapana, mke na watoto wanarudi walikotoka. Kwa hiyo tangu siku ile ya kwanza nilikuwa napigania jambo moja tu: kukaa na mume wangu na mwanangu chini ya paa moja, hata kama paa lenyewe lilikuwa na magurudumu.

Somo la kwanza nililipata siku ya tatu. Injini ilikuja kusogeza mabehewa yetu ili kupisha mengine. Mtu aliyezoea nyumba ya udongo hajui maana ya nyumba kugongwa. Kwanza unasikia mlio unaokuja behewa kwa behewa, ko, ko, ko. Kisha sakafu inakimbia na wewe unabaki. Sufuria ya maharage ilivuka nyumba nzima. Taa ya chemni ilipasuka. Debe la unga lililala ubavu likamwaga kila kitu. Raheli, aliyekuwa na miezi minane, aliviringika hadi ukutani, akacheka.

Mwamvua, mke wa nyapara wa genge, alichungulia mlangoni. "Karibu relini, Mama Raheli. Sisi tunaweka kila kitu sakafuni. Kilicho chini hakina pa kuangukia."

"Na panya?"

"Panya nao ni wa sakafuni. Tumezoeana."

"Mimi sitazoea," nikasema.

Nilianza na masanduku ya chai, ambayo mwenye duka pale sokoni aliyatupa nyuma ya duka lake. Niliyavunja nikapata mbao nyembamba, nikatengeneza rafu, na mbele ya kila rafu nikapigilia ukingo wa upana wa vidole vitatu ili kikombe kikisukumwa kikutane na kizuizi. Injini ilipogonga tena, vikombe vilibaki, sahani zilibaki, ila chungu cha maji kiliruka ukingo kama mbuzi. Hapo nikakumbuka kwetu Vidunda. Mwanamke wa milimani hushuka na kupanda mteremko akiwa na mtungi kichwani, na kinachoushika mtungi ni ngata. Nilisokota ngata kubwa ya kamba, nikaifunga kwenye ubao, nikaupigilia ubao sakafuni penye kona. Tangu siku hiyo chungu kilikaa ndani ya ngata yake kama yai ndani ya kiota.

Kamba nilizipata kwa Mwamvua. Baba yake alikuwa mkata mkonge wa Rudewa, naye alijua kusuka vipande vya kamba vilivyotupwa na shamba. Alinifundisha kufunga nyavu. Tulizitundika kwenye boriti za paa, tukaweka ndani yake vitunguu, sufuria, nguo za mtoto. Niligundua kanuni ambayo sikuisoma popote: ndani ya behewa, kilichobanwa sana huvunjika, bali kilichoning'inia hucheza kidogo kisha hurudi mahali pake.

Kitanda nilikiinua juu ya makasha manne, na kila kasha likawa droo. Nusu ya kitanda ilikunjika mchana kwa bawaba nilizokata kwenye tairi kuukuu, kwa sababu raba ya tairi haina kutu wala haipigi kelele. Chini ya bati, kwa kuacha nafasi ya shubiri moja, nilitandaza mikeka ili upepo upite katikati. Kabla ya hapo bati lilikuwa likitupika kuanzia saa nne. Baada ya hapo Lupakisyo alianza kurudi nyumbani kula mchana, jambo ambalo wenzake walilitangaza njia nzima.

Jioni nilihudhuria kisomo cha watu wazima katika banda la stesheni. Huko nilijifunza kusoma, na kando ya kusoma nilijifunza sentimita. Nikaacha kupima kwa hatua. Ndipo nilipotengeneza kabati langu. Lilikuwa na vyumba kumi na viwili, kila kimoja na mlango wake na kishikizo cha ngozi. Kwa kuwa lilihitaji ukuta mzima, nililisimamisha mbele ya mlango mmoja wa behewa, ule uliotazama njia kuu ya treni, nikaupigilia mlango huo usifunguke kamwe. Tulikuwa na milango miwili. Niliona mmoja unatosha.

Kondo, nyapara wetu, alikuwa Mkaguru aliyejifanya mtani wangu ili apate kusema atakalo. Alisimama mbele ya kabati akavua kofia.

"Mtani, hili ni kabati au kanisa?"

"Lingekuwa kanisa lingekuwa na viti. Kaa sakafuni."

"Ukiendelea kupiga misumari, injini itashindwa kukuvuta."

"Basi mtasukuma ninyi. Si ndiyo kazi yenu?"

Upande wa pili, uliotazama vichaka, nilitengeneza jiko la nje, kwa maana sikutaka moto ulale pamoja nasi. Lilikuwa ubao mpana ulioshushwa kwa minyororo miwili, na juu yake jamvi la kivuli lililotandazwa kwenye mianzi. Yote hayo yalitokeza nje mita moja na nusu. Mvua inyeshe au jua liwake, nilipika nikiwa nimesimama wima mlangoni kwangu. Mkaguzi alipopita Kilosa mwaka ule alitazama, akaguna, akatia sahihi.

Tuliishi hivyo miaka miwili. Kisha genge likahamishiwa Mikumi.

Familia tulisafiri kwa treni ya abiria, na mabehewa yakaja nyuma yetu na treni ya mizigo. Tulipoyakuta yamepangwa kwenye njia ya pembeni, nilipanda haraka kutazama. Chungu kilikuwa ndani ya ngata. Hakuna kikombe kilichopasuka. Kabati lilisimama kama lilivyosimama Kilosa. Nilifurahi kiasi cha kutotambua kilichotokea: huko njiani, katika kupanga na kupangua, behewa letu lilikuwa limegeuzwa. Waliolipanga hawakuwa na kosa. Behewa la mizigo halina mbele wala nyuma. Nyumba inayo.

Kabati langu sasa lilitazama vichaka, na mlango pekee uliofunguka ulitazama reli nyingine.

Reli hiyo niliiona. Siwezi kujitetea kwamba sikuiona. Lakini Kilosa sisi wa relini tulijua njia iliyo hai kwa kung'aa kwake. Magurudumu huisugua kila siku hata ikawa kama kisu kilichonolewa. Reli hii ya Mikumi ilikuwa na rangi ya kutu, majani yaliota kati ya mataruma, na nyani walikaa juu yake kama wajumbe wa baraza. Nikaihukumu kuwa ni njia iliyoachwa. Sikujua kwamba huko treni zilipita mara chache, na kwamba mvua ya siku mbili yatosha kuivisha reli kutu. Ningeweza kumwuliza stesheni masta. Lakini ningemwulizaje, mimi niliyekaa relini miaka miwili, mimi mwenye kabati la vyumba kumi na viwili?

Nikashusha jiko langu la nje, nikatandaza jamvi, nikapika. Siku nne nilipika pale.

Siku ya tano, kabla ya saa sita, wanaume wakiwa kazini mbali, nyani waliondoka relini kwa ghafla. Nikashukuru, maana walikuwa wakiutazama ugali wangu kwa tamaa. Raheli alikuwa amekaa kwenye kidato cha ngazi. Nilikumbuka chumvi, nikaingia ndani, naye akanifuata kwa kuwa alijua kwamba penye chumvi pana sukari pia. Nilikuwa nimeshika kishikizo cha kabati niliposikia honi.

Treni ya mizigo kutoka Kidatu haikugusa behewa letu. Iligusa kile tu nilichokitokeza. Jamvi lilinyakuliwa, mianzi ikapasuka kama bunduki, ubao ukang'oka na minyororo yake, na jiko la mkaa likatupwa hadi behewa la tatu. Kisha treni ikapita yote, ikaacha vumbi na harufu ya maharage yaliyoungua. Kile kidato cha ngazi alichokuwa amekalia mwanangu hakikuwapo tena.

Nilikaa sakafuni nimemshika Raheli. Mwamvua alikuja mbio, akatuhesabu kwa macho, moja, mbili, ndipo akaanza kulia.

Habari za reli husafiri kwa reli. Kesho yake asubuhi Mkaguzi wa sehemu ya Mikumi, si yule wa Kilosa, alifika kwa kiberenge, kigari kidogo cha relini. Aliitwa Bwana Anselmi, mtu mrefu mwenye kofia ya kaki na viatu vilivyong'arishwa. Genge zima lilikuwa limesimama, na sisi wanawake tulikuwa nyuma yao.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye jiko?"

"Ndimi."

Aliingia behewani, akatazama mlangoni palipong'oka minyororo, kisha akatazama kabati, kisha akalisukuma kwa bega. Halikutikisika. "Nyuma ya hili kuna nini?"

"Mlango."

"Mlango umefungwa kwa kabati. Ukitokea moto huku, mtatokea wapi? Mtapitia ndani ya sahani?" Hakupaza sauti. Alishuka, akawageukia wote. "Mimi nimewahi kuokota mtoto relini. Nilimwokota kwa mikono hii. Sitaokota mwingine. Jumamosi kuna treni ya abiria kwenda Kilosa. Wanawake na watoto wa mabehewa yote sita watapanda. Wanaume watabaki na kazi."

"Wote sita?" Kondo aliuliza. "Kosa ni la behewa moja, Bwana."

"Leo ni la moja."

Mwamvua alinigeukia. Nilimsoma usoni: umetuponza.

Nikapita katikati ya wanaume nikasimama mbele. "Bwana Mkaguzi, kosa ni langu, nami sina haja ya kulifunika. Nitalirekebisha kabla ya Jumamosi. Uje uone."

"Mama, nchi nzima inahamia vijijini. Huko kuna shule, zahanati, kiwanja cha kujenga. Ninyi mnahamia ndani ya magurudumu!"

"Vijiji vinapangwa kwa mstari, Bwana Mkaguzi. Hebu rudi nyuma kidogo ututazame. Umeona wapi kijiji kilichonyooka kuliko hiki?"

Wanaume wa genge walicheka, kisha wakakumbuka wanayemcheka. Lupakisyo alinikanyaga mguu.

"Sikuja kufundisha useremala," Mkaguzi alisema.

"Wala mimi sikuomba kufundishwa. Nimeomba siku tatu."

"Jumamosi treni itafika," akasema, akapanda kiberenge chake. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Nikachukua kile ambacho hakukisema.

Jioni hiyo nilimkuta Lupakisyo ameweka sanduku langu la mbao juu ya kitanda, anakunja nguo za Raheli ndani yake. Alizikunja vizuri, pindo kwa pindo, na jambo hilo lilinichoma kuliko kama angezitupa.

"Mke wangu," alisema bila kunitazama, "wakinifukuza kazi, tutakula rafu zako?"

"Na ukinirudisha Tukuyu?"

"Nitaandika barua."

"Barua!"

"Sasa unajua kusoma. Utazisoma mwenyewe."

"Sikujifunza kusoma ili nipate kuishi mbali nawe kwa ufasaha, Baba Raheli."

Nikatoa nguo sandukuni, moja baada ya moja, nikazirudisha kwenye droo zake. Sanduku lilipobaki tupu nililigeuza kifudifudi nikaligonga kwa kiganja. Lilikuwa la mninga, alilonitengenezea baba yangu siku ya harusi, na mbao zake hazikuwa na fundo hata moja.

"Unafanya nini?" mume wangu aliuliza.

"Sina mbao. Masanduku ya chai yapo Kilosa." Nikachukua nyundo nikang'oa kona ya kwanza. "Na mtu asiye na sanduku hasafirishwi kirahisi."

Alinitazama nikivunja upande wa kwanza na wa pili. Wa tatu aliushika yeye.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kulibomoa kabati. Nilisema nitalibomoa alfajiri. Ilipofika saa tatu nilikuwa bado nafuta vumbi juu yake. Mtu hulipenda kosa lake linapokuwa limepigwa randa vizuri. Mwishowe nilianza na vishikizo, kwa sababu hivyo vilikuwa vidogo, na baada ya vishikizo mkono ukapata ujasiri. Nyuma ya kabati mlango wa pili ulikuwa umeshikana na reli yake kwa kutu. Niliusukuma, nikaupiga teke, nikautukana kwa Kividunda.

Mwamvua akatokea na uso uliokunjamana. "Nimekuja kukutukana," alisema, "lakini naona umeshika hapo vibaya. Ukisukuma juu, chini kunabana."

"Basi nitukane huku unasukuma."

"Mwanamke mwenye kiburi wewe! Umetuuza kwa jamvi na mianzi!" Akasukuma. "Mtoto wangu ndiyo kwanza ameandikishwa hapa darasa la kwanza, sasa nimpeleke wapi?" Akasukuma tena. "Kabati la vyumba kumi na viwili, una vikombe vingapi wewe, saba?"

"Sita. Kimoja kilivunjika juzi."

Alicheka bila kupenda, na mlango ukakubali kidogo. Kondo alituletea mafuta machafu ya kiberenge ndani ya kopo, tukayapaka juu na chini, na adhuhuri mlango wa pili ulifunguka hadi mwisho. Mwanga uliingia kutoka upande ambao nyumba yangu haikuwahi kuuona. Upepo ukapita moja kwa moja, ukatikisa nyavu zote darini. Nikajiona mjinga kwa mara ya pili: miaka miwili nilihangaika na mikeka kutafuta baridi, na baridi ilikuwa nyuma ya sahani.

Tuligawa kabati vipande vinne vyembamba, tukavitundika pembeni mwa milango, viwili kila upande, ili milango yote miwili iwe huru. Mbao za sanduku la mninga zikawa jiko jipya la nje, fupi, lisilozidi sentimita hamsini, lisilopigiliwa popote. Lilikuwa na kulabu mbili za chuma. Ungeweza kulitundika mlango huu au ule, na kulitoa lote kwa mkono mmoja. Kila mlango tulitia komeo la chuma kwa ndani, juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kitandani. Halafu nikaweka sharti ambalo halikuhitaji mbao, nalo lilinigharimu zaidi ya mbao: behewa likisogezwa, hata kwa hatua kumi, mlango haufunguliwi mpaka mwenye nyumba amezunguka nje kwa miguu na kumwuliza stesheni masta njia ipi ina treni. Kuuliza, sio kukisia kwa rangi ya chuma.

Ijumaa nilikwenda kumwuliza. Nilimwamkia, nikamwuliza, akanieleza kwa upole ratiba nzima. Ilichukua dakika tano.

Jumamosi asubuhi wanawake watano walikaa chini na mizigo yao, vitanda vimefungwa kamba, kuku ndani ya matenga. Mimi peke yangu sikuwa na mzigo. Bwana Anselmi alifika na injini iliyokuja kupanga mabehewa ya kokoto, akashuka, akatazama matenga, kisha akanitazama mimi.

"Mizigo yako iko wapi?"

"Imo ndani, mahali pake."

Alipanda. Alipitisha mkono kwenye makomeo, akafungua mlango huu, akafungua ule, akasimama katikati upepo ukimpiga. Aliinua jiko la mninga kwa mkono mmoja, akalirudisha. Alivua kofia yake akaitupa kitandani, akapiga magoti akatazama hata chini ya droo.

"Ni kazi nzuri," alisema hatimaye. "Lakini vitu vinapendeza vikiwa vimesimama. Hili ni behewa, mama. Linagongwa."

"Basi ligongwe."

"Nini?"

"Injini si hiyo hapo? Mwambie dereva agonge kama anavyogonga siku zote, sio kwa kutuonea huruma. Mimi nitakuwa ndani. Na wewe, Bwana Mkaguzi, kama unaamini ni hatari, baki nami tuione sote."

Lupakisyo, aliyekuwa chini, alifumba macho. Kondo akasema kwa sauti iliyosikika, "Mtani wangu leo anafukuzisha watu kazi kwa jumla." Lakini Bwana Anselmi hakuwa mwoga. Alichungulia nje, akamwita dereva, akazungusha mkono. Nilimpa Mwamvua mtoto. Nikajaza chungu hadi shingoni. Nikafunga makomeo yote mawili, nikamwonyesha Mkaguzi kamba ya kushika, naye akaikataa.

Ukaja mlio, ko, ko, ko. Sakafu ikakimbia. Nyavu zilienda zote upande mmoja, zikarudi. Sahani ziligongana ndani ya kingo zao, zikanyamaza. Maji yalipanda ukingo wa chungu, yakafikiri, yakashuka. Mkaguzi alinishika bega ili asianguke, akaliachia upesi. Kilichoanguka ndani ya nyumba yangu kilikuwa kimoja tu, nacho ni kofia yake.

Niliiokota, nikaipangusa, nikampa. "Tuna vigingi vya kofia pale ukutani," nikamwambia.

Aliigeuzageuza kofia mikononi. Alipozungumza alizungumza kama mtu anayetafuta mahali pa kusimamia. "Mlango wa upande wa njia kuu utiwe kufuli. Ufunguo ukae kwa nyapara."

"Hapana."

"Hapana?"

"Jumatano ulinikuta nimeuziba mlango kwa kabati, ukaniuliza moto ukitokea tutatokea wapi. Uliniuliza vyema, nami nimebomoa kabati langu kwa sababu ya swali hilo. Sasa wataka niuzibe tena kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa Kondo, maili nne kutoka hapa, akishindilia kokoto? Ufunguo wa nyumba yangu haulali kwa jirani, Bwana Mkaguzi. Komeo liko ndani, liko juu, nami ndiye ninayelifunga."

Alilitazama komeo. Akalifunga, akalifungua, akalifunga tena. "Miezi mitatu," akasema. "Kila behewa liwe na milango miwili iliyo huru, na makomeo kama haya. Baada ya miezi mitatu nitakuja, na nikikuta moja limezibwa, hata kwa kinu, wote mtaondoka. Wote."

"Karibu sana."

"Sikusema nakuja kutembea, mama."

"Hata hivyo karibu."

Alishuka, akamwambia Kondo maneno yale yale. Wanawake waliyasikia, lakini hakuna aliyesimama, kwa maana neno la ruhusa likichelewa huonekana kama mtego. Tulikuwa bado hivyo, wao kwenye mizigo yao na mimi mlangoni, upande wa vichaka, nikichagua mchele kwenye ungo, treni ya abiria ilipoingia kwa upande wa pili na gadi akazunguka kuja kwetu na karatasi mkononi.

"Abiria wa Kilosa!" aliita. "Niliambiwa wanawake na watoto, mabehewa sita! Haraka, akina mama, treni haingoji!"

Wanawake wakabaki wamekaa. Akanitazama mimi kwa kuwa nilikuwa juu.

"Wewe, mama! Abiria wako wapi?"

"Hapa hakuna abiria," nikamwambia. "Hapa pana wenyeji."

Gadi akaitazama karatasi yake, akayatazama mabehewa, akampigia dereva filimbi. Mwamvua alikuwa amekwisha fungua kamba za mzigo wake, anatafuta nyundo.